Kuendesha kioo cha kifaa ndani ya kompyuta kabla ya kuflashi bodi, na pale emuleta inapokudanganya

nukta_nane (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Nafungua uzi huu kwa wanaoandika programu za vifaa vidogo vyenye kioo: kipima joto, mita, kidhibiti cha pampu, chochote chenye mikrokontrola na kioo cha inchi mbili tatu. Kwa muda mrefu nilifanya kazi hivi: nasogeza maandishi pikseli mbili kushoto, nakompaili, naflashi (naiingiza programu kwenye chipu), nasubiri bodi iwake, nabonyeza vitufe vitatu kufika kwenye ukurasa ninaoutaka, naangalia. Bado. Narudia. Karibu dakika nzima kwa pikseli mbili. Jua linazama nimeflashi mara sitini na mistari mipya ya maana haifiki ishirini.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta. Programu ileile ya C inakompailiwa kwa ajili ya kompyuta, linafunguka dirisha, na ndani yake naona kile ambacho kioo kingeonyesha. Sekunde mbili tu. Ila emuleta yangu ya kwanza (programu ya kompyuta inayoigiza kifaa) ilikuwa nzuri kuliko kifaa chenyewe, na uzuri huo ulinitia hasara. Hilo ndilo hasa lililonileta hapa.

Tuanze na mahali pa kukata. Programu ya kifaa ina tabaka: juu kuna mantiki ya kurasa na menyu, katikati kuna uchoraji wa mistari na herufi, chini kuna draiva inayosukuma baiti hadi kwenye kioo kwa SPI au I2C, njia mbili za waya za kupeleka data kati ya chipu. Wengi wanaoanza hukata juu mno. Wanazichora kurasa zao upya kwa zana za kompyuta, kwa fonti laini za kompyuta, halafu wanasema wana emuleta. Hiyo ni picha ya kumwonyesha mteja, haijapima hata mstari mmoja wa programu itakayoingia kwenye chipu. Mimi nakata chini ya uchoraji, juu tu ya draiva, kwenye fankisheni moja:

`void kioo_tuma(int x, int y, int upana, int urefu, const uint16_t *rangi);`

Kila kinachoonekana kwenye kioo lazima kipite hapo. Kwenye bodi kuna faili inayoitekeleza kwa SPI. Kwenye kompyuta kuna faili nyingine inayotumia SDL2 (maktaba ya kufungua dirisha na kuchora): inanakili mstatili ule kwenye bafa (kumbukumbu ya kushikilia picha), inaita SDL_UpdateTexture, SDL_RenderCopy na SDL_RenderPresent, basi. Yangu haizidi mistari 150 pamoja na kusoma kibodi. Mwenye LVGL, maktaba ya kuchora kurasa na menyu, tayari ana mpasuko huu, ndiyo ile flush_cb yake. U8g2, maktaba ya vioo vya rangi moja, nayo ina njia yake ya SDL. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, ina bodi ya kubuni inayoitwa native_sim yenye draiva ya kioo cha SDL, kwa hiyo huko huhitaji hata kuandika chako.

Tahadhari moja hapa: usisahau kusoma matukio ya dirisha kwa SDL_PollEvent kila mzunguko, la sivyo mfumo utadhani programu imeganda. Kwenye macOS dirisha na matukio yake yakae kwenye uzi mkuu wa programu, usiyapeleke kwenye uzi wa pembeni.

Sasa uongo. Wa kwanza ni kasi. Kioo chenye chipu ya kuendesha kioo ya ILI9341 kina pikseli 240 kwa 320, kila pikseli biti 16, yaani baiti 153,600 kwa picha nzima. Hizo ni biti 1,228,800. Kwa SPI ya MHz 10 picha moja inakula milisekunde 123, picha nane tu kwa sekunde. Kwa MHz 40 inashuka hadi milisekunde 31. Kwenye kompyuta kazi hiyohiyo inaisha kabla hujapepesa. Nilitengeneza ukurasa unaoteleza pembeni ukibadilishwa, kwenye dirisha ukawa kama maji yanavyotiririka, nikaupenda. Kwenye kifaa ukawa unaruka kama chura. Wiki nzima imekwenda.

Tangu hapo kioo_tuma ya kompyuta inahesabu baiti ilizopewa, inazidisha kwa nane, inagawanya kwa kasi ya SPI, halafu inalala muda huo. Mistari mitatu ya programu. Ukishaiweka unaanza mwenyewe kuchora sehemu iliyobadilika tu: mstatili wa 60 kwa 30 wenye tarakimu ni baiti 3,600, chini ya milisekunde tatu kwa MHz 10, badala ya 123.

Uongo wa pili ni ukubwa. Kioo cha inchi 2.4 chenye pikseli hizo kina takriban pikseli 167 kwa inchi. Skrini ya kompyuta ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina 92. Ina maana hata bila kukuza chochote, dirisha lako ni kubwa karibu mara 1.8 kuliko kioo halisi, na sisi sote tunakuza mara mbili au tatu ili macho yapumzike. Ndivyo unavyojikuta na maandishi ya pikseli 8 yanayosomeka vizuri mezani kwako lakini hayasomeki kwa mtu aliyesimama mbele ya kifaa. Dawa yangu ni ya kizamani: nahifadhi picha ya dirisha, naichapa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi wa kioo, nabandika ukutani, narudi nyuma hatua mbili.

Uongo wa tatu, kumbukumbu. Mikrokontrola ya STM32F103C8 ina kilobaiti 20 za RAM. Picha nzima haiingii humo hata kwa kusukuma. Ukiandika emuleta yenye bafa ya picha nzima na ukaruhusu programu ya juu iisome, umeshajifunga: siku ya kuhamia kwenye chipu huna pa kuiweka. Bafa ya emuleta iwe ya kioo peke yake. Programu ichore kwa vipande, kwa mfano mistari 20 kwa mara moja, baiti 9,600, na ivitume.

Na sasa jambo lililonifanya nisirudi tena nyuma. Kifaa changu kimoja kilikuwa na hitilafu ya ajabu: taa ya kioo inazimika ghafla, mara chache sana, kioo giza tii huku programu inaendelea kufanya kazi. Nilikagua waya, nikabadilisha transista ya taa, nikalaumu umeme. Siku nilipoipeleka programu kwenye kompyuta niliikompaili na AddressSanitizer (zana inayonasa programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake), nikaweka mshale wa juu wa kibodi uwe unapandisha joto la uongo. 98, 99, kisha 100.0, programu ikafa papo hapo na kunitajia mstari. Nilikuwa na safu ya herufi 8 kwa ajili ya joto. "99.9°C" ni baiti 7, kwa sababu alama ya nyuzi katika UTF-8 ni baiti mbili, ukiongeza sifuri ya mwisho zinatimia 8. "100.0°C" ni baiti 8, na ile sifuri ya mwisho inaangukia nje. Kwenye chipu, kilichokaa nje ya mlango ni kigezo cha mwangaza wa kioo. Joto likigusa mia, mwangaza unaandikwa sifuri.

Bodi isingeniambia hilo kamwe. Karibuni.

---

MzeeWaSolda

Mkuu umeandika vema, ila ongeza rangi. Kijana wangu wa kazini alikuja na emuleta yenye rangi sahihi kabisa, tukaflashi, alama nyekundu ya hatari ikatoka bluu. Sababu: vioo hivi hupokea baiti ya juu kwanza, chipu zetu huhifadhi ya chini kwanza. Nyekundu ya RGB565 (rangi ya biti 16: nyekundu 5, kijani 6, bluu 5) ni 0xF800. Geuza baiti unapata 0x00F8, ambayo ni bluu 24 kati ya 31 na kijani 7 kati ya 63. SDL inasoma kwa mpangilio wa kompyuta kwa hiyo haioni kosa lolote.

Jingine ni mteremko wa rangi. Ukichora kwa biti 24 kwenye kompyuta unaona rangi inapungua taratibu. Kwenye biti 16 nyekundu ina ngazi 32 tu, utaona mistari mistari kama ngazi za nyumba. Dirisha liwe RGB565 tangu siku ya kwanza.

---

nukta_nane

Kweli tupu mzee wangu. Mimi naligeuza kwenye faili la SPI, kwenye mpaka kabisa, na juu ya mpaka kila kitu kinabaki kwa mpangilio wa chipu. LVGL 8 ina LV_COLOR_16_SWAP kwa kazi hiyo. Ukiiwasha, ukumbuke kurudisha baiti kwenye upande wa SDL, la sivyo unakuwa na tatizo lilelile upande wa pili.

---

kebo_fupi

Mnajisumbua bure wakuu. QEMU ipo, Renode ipo, hizo zinaigiza chipu nzima. Chukua faili lilelile la kuflashi, liendeshe humo. Hakuna kukompaili mara mbili wala kukata popote.

---

nukta_nane

Mkuu, hizo zina nafasi yake na ninaziheshimu. QEMU ina bodi mbili za Stellaris zenye kioo: lm3s811evb yenye OLED (kioo ambacho pikseli zake zinawaka zenyewe) ya 96 kwa 16, na lm3s6965evb yenye 128 kwa 64. Ukiwa na hizo, raha. Ukiwa na chipu ambayo vifaa vyake vya pembeni havijaandikwa humo, kazi ya kwanza ni kuandika SPI ya chipu hiyo, na DMA yake (sehemu inayohamisha data bila kuisumbua CPU), na taima zake, ndipo uone pikseli ya kwanza. Umeacha kutengeneza kifaa, unatengeneza emuleta.

Nikitaka kujua kama bodi inawaka sawasawa, kama katizo linafika kwa wakati, nachukua Renode. Nikitaka kujua kama neno "Imehifadhiwa" linaingia kwenye kisanduku chake, nachukua dirisha la SDL.

---

kebo_fupi

Sawa, ila kwa kukata juu ya draiva, draiva yenyewe hujaipima. Na mimi nikiangalia kazi zangu, nusu ya machozi yangu yametoka kwenye draiva.

---

nukta_nane

Hapo umenishika, na ni kweli. Kwa hilo kuna mpasuko wa pili, kwenye waya wenyewe. Badala ya kupokea mstatili, emuleta inapokea baiti zilezile ambazo SPI ingetuma, na inajifanya ILI9341: 0x2A inaweka safu za kushoto na kulia, 0x2B mistari ya juu na chini, 0x2C inaanza kupokea rangi, 0x36 inageuza mwelekeo. Ukitekeleza hizo nne na kuzipuuza nyingine unaweza kuendesha draiva yako nzima kwenye kompyuta. Nimeifanya mara moja, kwa sababu kioo kilikuwa kinageuka kichwa chini kwenye ukurasa mmoja tu. Kwa kazi za kila siku siihitaji.

---

MzeeWaSolda

Na hata hapo unaigiza kile kilichoandikwa kwenye waraka wa chipu, siyo kioo ulichonunua. Nimewahi kuletewa vioo vya OLED vilivyoandikwa SSD1306, ndani ni SH1106, chipu nyingine ya kuendesha kioo. Vinafanana kwa macho. Lakini SH1106 ina kumbukumbu ya safu 132, na kioo cha safu 128 kwa kawaida hukaa katikati, kwa hiyo picha yote inasogea pikseli mbili na pembeni kunabaki ukanda wa takataka. Pia haina ile namna ya kuandika picha nzima kwa mkupuo mmoja, lazima uende ukurasa kwa ukurasa. Kioo halisi kikae mezani, kila jioni uflashi mara moja. Usikae wiki bila kukigusa.

---

baiti_pacha

Habari wakuu, mimi ni mgeni kwenye haya mambo. Nina OLED ya SSD1306, 128 kwa 64. Nimefuata uzi, dirisha limefunguka, lakini picha imekatwakatwa vipande vya mlalo na herufi zimelala. Kwenye kioo halisi picha iko sawa. Nimekosea wapi?

---

nukta_nane

Karibu sana dada. Hujakosea programu, umekosea kusoma bafa. Bila shaka unaisoma mstari kwa mstari, pikseli nane za mlalo kwa baiti. SSD1306 haijapangwa hivyo. Kioo kimegawanywa kurasa nane za mlalo, kila moja ina kimo cha pikseli nane, na kila baiti ni safu ya wima ya pikseli nane, biti ya chini kabisa ikiwa juu. Pikseli yenye x 10 na y 20: 20 gawanya kwa 8 ni 2, basi iko ukurasa wa 2. Baiti ni 10 + 2 × 128, yaani ya 266. Baki ni 4, basi ni biti ya 4. Andika hivyo kwenye kitanzi cha kubadilisha kwenda SDL na picha itasimama.

Bafa yako ni baiti 1,024. Kwa I2C ya kHz 400, ukihesabu biti tisa kwa kila baiti kwa sababu ya biti ya kukubali, ni milisekunde 23. Kwa kHz 100 ni 92. Weka usingizi huo mapema.

---

baiti_pacha

Imesimama! Asante sana kaka. Na usingizi nimeuweka, sasa naona wazi kwa nini mshale wangu wa menyu unachelewa kwenye kifaa.

---

kebo_fupi

Kuhusu usingizi, nina la kuongeza, na hili msilipite haraka. Kama unatuma kwa DMA, chipu hailali. Inaanzisha safari na kuendelea na kazi nyingine, na bafa haipaswi kuguswa hadi safari iishe. Emuleta inayonakili papo hapo inaficha kosa baya kuliko yote: programu inayochora kwenye bafa ambayo bado iko njiani.

Ninavyofanya: kioo_tuma ya kompyuta inahifadhi pointa tu na saa ya kumaliza. Hainakili chochote. Saa ikifika ndipo inanakili na kutangaza kwamba imemaliza, na kwa LVGL ndipo naita lv_disp_flush_ready. Kama programu imeigusa bafa katikati, takataka zinaonekana dirishani waziwazi. Kwenye kioo halisi ingekuwa mpasuko mwembamba wa sehemu ya sekunde, unaouona leo na usiuone tena kwa siku tatu.

---

nukta_nane

Mkuu, hii naichukua leo hii. Yangu inanakili papo hapo na nina bafa mbili ambazo sijawahi kuzithibitisha.

Niseme na la kidole, maana kipanya nacho kinadanganya. Kipanya kinagusa pikseli moja bila kutetemeka. Kidole kinafunika kile kinachokigusa, na mguso wa kubonyeza unatoa namba zinazoyumba. Emuleta yangu inaongeza mtikisiko wa pikseli tatu kila upande kwenye kila mguso. Kitufe cha milimita 9 kwenye kile kioo cha inchi 2.4 ni pikseli 59, na ukikiona dirishani unakiona kikubwa mno, unataka kukipunguza. Usikipunguze.

---

MzeeWaSolda

Sisi tumekwenda mbali kidogo. Hatufungui hata dirisha. Programu inaendeshwa bila SDL, inapitia kurasa zote kwa vitufe vya uongo, na kila ukurasa unaandikwa kama faili la PPM. Ni kichwa chenye P6, upana, urefu na 255, kisha baiti za rangi, huhitaji maktaba yoyote. Kila mtu akibadilisha programu, picha mpya zinalinganishwa na za zamani baiti kwa baiti. Juzi mmoja alibadilisha nafasi kati ya herufi kwenye fonti, kurasa kumi na nne zikabadilika, moja kati ya hizo neno lilikuwa limekatwa mwisho. Kwa macho asingeipata, ni ukurasa wa mipangilio ambao hakuna anayeufungua.

---

nukta_nane

Na saa muiigize pia, wakuu. Kihesabu cha milisekunde cha biti 32 kinarudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Hakuna atakayekaa mbele ya bodi siku 49. Kwenye kompyuta anzisha saa yako kwenye 4294957295 na utakutana na mgeuko baada ya sekunde kumi.

---

baiti_pacha

Kaka nimejaribu, sekunde kumi zimepita, ishirini, hakuna kilichotokea. Ina maana niko salama?

---

nukta_nane

Dada, saa yako ni ya aina gani? Kama umeandika unsigned long, kwenye Linux ya biti 64 hiyo ni baiti nane, haitageuka maisha yako yote. Kwenye chipu ni baiti nne. Andika uint32_t kila mahali saa inapopita, kisha ujaribu tena.

---

baiti_pacha

Nilikuwa na unsigned long kweli. Nimebadilisha zote. Sekunde ya tisa nikabonyeza kuhifadhi, na ujumbe wa "Imehifadhiwa", ambao unatakiwa ukae sekunde mbili, ukamulika mara moja na kupotea. Nilikuwa nalinganisha `sasa > mwanzo + 2000`, na ile jumla ilikuwa imeshageuka kuwa namba ndogo. Nimeweka `sasa - mwanzo >= 2000`. Nimeanzisha upya, nimebonyeza kwenye sekunde ya tisa, ujumbe umekaa sekunde zake mbili.